Magoti ya Darasa la Nane

Wanjiru mwanangu,

Sitakuuliza hali, maana nimekuona sasa hivi ukipita dirishani na afya yako yote, umebeba nusu ya sukari yangu kumpelekea nyanya yako mkaagane. Nyanya yako hakubali kuagwa na mtu kabla hajamnywesha chai mara mbili, kwa hivyo nina nafasi. Mvua imeacha, mwanga bado upo, na baba yako hajafunga duka huko mjini. Nimekaa kwenye meza ninayosahihishia vitabu. Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku lako, chini ya sweta, na nakuomba uifungue ukishafika huko Bonde la Kerio. Usiisome ndani ya basi, kwa sababu wewe ukisoma ndani ya gari unatapika.

Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kutompa mtu yeyote ufunguo wa nyumba, hayo baba yako ameyasema tangu Jumapili na kesho atayasema tena pale steji hadi makanga amwonee huruma. Mimi nataka kujibu swali uliloniuliza juzi tukikama ng'ombe. Ulisema, "Mama, mimi si mwalimu. Mimi ni UT tu, wa kuajiriwa bila mafunzo, sijasomea hata wiki moja." Ukasema wamekupa darasa la saba katikati ya mwaka, darasa ambalo mwalimu wake aliondoka baada ya Pasaka, na umesikia kwamba watoto wenyewe wamekufa moyo, wanakuja shuleni kunywa maziwa ya bure ya Nyayo na kurudi nyumbani. "Sasa nikiwakuta wamelala, nitawaamsha na nini?" Kisha ukasema ni heri urudi ofisi ya elimu uwaambie kazi hiyo wampe mtu mwingine.

Nikakwambia ufanye unavyotaka, nikaendelea kukama. Usidhani sikujali. Nilikasirika, na unanijua, nikikasirika sina neno la maana mdomoni. Nilikasirika kwa sababu wewe ndiwe mtu wa mwisho ninayemjua anayefaa kuuliza swali hilo, na hukuwa na habari. Ngoja nikukumbushe mwaka wetu wa darasa la nane. Ulikuwamo, ndiyo, lakini ulikuwa upande wa madawati. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kuna mambo ya mwaka ule ambayo mpaka leo nimeyabeba peke yangu.

Nyinyi mlikua mkijua kwamba shule ya msingi inaisha darasa la saba. Tangu mko darasa la kwanza mnafundishwa kushika kalamu, mlikuwa mnahesabu saba. Wazazi nao walihesabu saba. Halafu mnakaribia kabisa kumaliza, redio ikasema kuna la nane. Ilikuwa kama mtu aliyepalilia shamba mpaka mstari wa mwisho, ananyoosha mgongo, anaambiwa na lile la jirani ni lake. Na sisi shule yetu hapa barabara ya Moiben haikuwa hata na chumba cha kuwaweka. Mliwekwa kwenye stoo ya majembe, karibu na ukuta wa harambee ambao wazazi walikuwa wameujenga mpaka kiunoni wakaishiwa na saruji.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo ndilo la barua hii. Wavulana wengi wa darasa lenu walikuwa wametahiriwa Desemba ile, wa watu wetu wa hapa na wa kina baba yako pia, kwa sababu kila mzazi alikuwa amepanga kwamba kijana akimaliza la saba atoke nyumbani akiwa mwanaume. Sasa Januari mwanaume huyo akarudi shuleni, na sare ya shule ni kaptura.

Mimi sikuliona hilo. Mimi niliona darasa lililonuna, nikasema nitaliwasha moto. Unakumbuka hotuba yangu ya siku ya kwanza? Niliwaambia nyinyi ndio wa kwanza Kenya nzima, kwamba humo ndani ya stoo mmekaa madaktari na marubani na mkuu wa wilaya. Mlimetameta macho, hata mimi nilijipenda. Lakini ule ulikuwa moto wa magunzi ya mahindi, unaujua ulivyo: unaruka mpaka juu ya sufuria, na kabla maji hayajachemka umeshakuwa majivu. Kufikia Machi niliwasha tena hotuba, na tena, na kila mara ilikuwa fupi zaidi. Mwisho hata wewe ulikuwa unachora maua pembeni mwa kitabu wakati nikiongea.

Basi nikageuka mkali. Wavulana wa nyuma hawakunyoosha mkono hata kwa swali ambalo mtoto wa darasa la nne angelijibu. Nikimtaja mmoja kwa jina, aliinuka nusu, ameshika dawati kwa mikono miwili kama mgonjwa, anasema "Sijui, Mwalimu," na kuketi upesi. Niliwaita mabubu. Nilisema mbele yenu wote kwamba wamekula tu wiki zote za jandoni na kuacha akili huko. Nikaanza mtihani wa kila Ijumaa na kubandika majina mlangoni kuanzia wa kwanza hadi wa mkia. Wewe na rafiki yako Nyokabi mlikimbilia mlango ule kama kuku walioona mahindi, kwa hivyo niliamini dawa inafanya kazi. Kumbe ilikuwa inawaponya wazima. Wa mkia waliacha hata kuutazama mlango, na wale wa katikati, ambao hakuna anayewapiga wala kuwasifu, walianza kupungua mmoja mmoja na sikutambua.

Fimbo nayo niliijaribu mara moja. Unamkumbuka Kirwa, yule mrefu, ambaye kwao ni ng'ambo ya mto. Nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe akiwa darasa la pili, akifuata maneno kwa kidole na kutoa ulimi kidogo. Siku ile nilimwambia anyooshe mkono kwa kutojibu swali. Alinyoosha, akatazama ukuta juu ya kichwa changu, na nilipompiga hakufumba hata jicho. Huyo ni mtu aliyesimama mbele ya kisu alfajiri, watu wote wakimtazama usoni, asipepese, na mimi ninamtisha na kijiti nilichokiokota mlangoni. Niliiweka fimbo chini na sikuiinua tena kwa darasa lile. Mlidhani ni huruma, kumbe nilikuwa nimejiona mdogo.

Muhula wa pili ukaja na ukungu na palizi, na Kirwa akaacha kuja. Wiki ikaisha, na nyingine. Jumamosi nikavaa gambuti za matope nikaenda kwao. Nilimkuta kwenye mahindi, anapalilia, amevaa suruali ndefu ya babake aliyoikunja miguuni.

Nikamwambia, "Kirwa, unaumwa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ama ni karo ya ujenzi? Sema tu."

"Hiyo tulilipa."

"Sasa shule imekukosea nini?"

Aliegemea jembe lake. Nadhani alikuwa anapima kama mimi ni mtu wa kuambiwa. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi siwezi vaa ile kaptura tena. Ukiniuliza swali, lazima nisimame. Nikisimama, wasichana wote wanaona magoti yangu. Mimi ni mtu mkubwa sasa."

Na mimi, Wanjiru, nikacheka. Sikucheka kwa ubaya. Nilimwona yule wa darasa la pili mwenye ulimi nje, anasema yeye ni mtu mkubwa, na kicheko kikanitoka kabla sijakishika. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alisema kwa upole, "Sawa, Mwalimu. Salimia watu wa nyumbani," akainama akaendelea kupalilia. Wewe unajua huku kwetu mtu akikwambia usalimie watu wa nyumbani namna hiyo, mazungumzo yamekwisha.

Nilirudi nikinung'unika peke yangu njia nzima, kwamba watoto wa siku hizi wanaacha masomo kwa ajili ya kitambaa. Nilipofika pale mtoni kwenye mawe ya kuvukia, nikiangalia nisiteleze, ndipo nilipoelewa. Nilisimama juu ya jiwe, maji yanapita chini yangu, mama mmoja aliyekuwa akifua akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Kila ile "Sijui, Mwalimu" ilinirudia. Ile kuinuka nusu. Ile mikono miwili kwenye dawati. Walikuwa wanajua! Tangu Januari wavulana wale walikuwa na majibu midomoni na wanayameza, kwa sababu kulijibu swali langu kulitaka wainuke waonyeshe magoti. Na mimi ni mtoto wa hapa hapa. Niliwaona kaka zangu wakitoka jandoni na kukataa hata kuingia jikoni kwa mama yetu. Jambo hilo nililijua vizuri sana nikiwa kwetu, na nikiingia darasani nililiacha mlangoni pamoja na gambuti zangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wanasema, lakini mimi kitanda kile nilikitandika kwa mikono yangu.

Jumatatu niliingia nikasema, kama mtu anayesema jambo dogo tu, "Kuanzia leo humu ndani hatusimami kujibu. Chumba ni kidogo, mnagonga majembe." Mlinitazama kama nimerukwa na akili. Nikauliza swali la asilimia. Mkono mmoja ukanyooka kule nyuma kabisa, kwenye kona, na kijana ambaye hakuwahi kunijibu neno zaidi ya "sijui" akatoa jibu, sahihi, mpaka na senti zake.

Jibu halikunishangaza sana. Sauti ndiyo iliyonishangaza. Ilikuwa nzito, ya mwanaume. Ilikuwa imeshavunjika, pengine tangu Januari, na mimi mwalimu wake niliyemwona kila siku sikuwa nimewahi kuisikia. Niligeukia ubao nikajifanya natafuta chaki. Nyuma yangu nilisikia nyingine, na nyingine, sauti nzito za watu nisiowajua zikijibu hesabu kutoka kwenye stoo ya majembe, na nywele za mikononi zilinisimama.

Sasa nakuja kwako.

Alhamisi ya wiki ile mwalimu mkuu aliingia bila kubisha, kama desturi yake, na beji ya chama kwenye koti na viatu vinavyong'aa hata kwenye matope. Unajua sheria: mkubwa akiingia, darasa zima linaruka juu na kumwamkia kwa Kiingereza. Wasichana mliinuka kwa mazoea. Wale wa nyuma hawakuinuka. Siku nne walikuwa wamekaa kama watu wenye heshima zao, wenye sauti, na sasa waliombwa wasimame na magoti yao mbele ya kila mtu. Niliona shingo ya mwalimu mkuu ikivimba juu ya kola.

Jambo la kwanza ambalo hujui ni hili. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo niseme "Simameni!" Neno lilikuwa kwenye ulimi. Nilikuwa nimeyaelewa yote pale mtoni, nilikuwa nimeyasikia yale masauti, na bado kwa kuogopa koti na beji nilikuwa tayari kuwauza wavulana wale kwa neno moja.

Wewe ulikuwa umesimama dawati la tatu. Uligeuka ukatazama nyuma. Sijui uliona nini kwenye nyuso zao, maana mimi nilikuwa nimemkazia macho mwalimu mkuu. Kisha ukaketi. Taratibu, bila fujo, kama mtu aliyekumbuka amechoka. Ukamvuta Nyokabi sweta, naye akaketi. Kisha dawati la mbele yenu, kisha la kando ya mlango, wasichana wakashuka mmoja baada ya mwingine, hadi stoo nzima ikawa imeketi na waliosimama ni mimi na mwalimu mkuu.

"Hii ni nini?" aliuliza. "Ni mgomo?"

Unakumbuka neno hilo lilivyokuwa zito miaka ile. Kwa neno hilo mtu angeweza kuitwa kwa D.O., mkuu wa tarafa, akaeleze. Na wewe ukajibu ukiwa umekaa hivyo hivyo, tena kwa Kiswahili, ilhali siku hiyo ilikuwa ya Kiingereza: "Samahani, sir, si mgomo. Sisi tukisimama, hawa wataonekana ni wao tu wamekataa. Na hawajakataa, sir. Wanaona baridi kwa magoti."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu aliinama kidogo, akatazama chini ya madawati, mstari mmoja hadi mwingine, magoti yale makubwa yenye vumbi na makovu ya kuanguka. Alitazama kwa muda mrefu sana. Halafu akatoka, na mimi nikaendelea na somo ambalo hata leo siwezi kukwambia lilikuwa la nini.

Jioni aliniita ofisini. Nilienda nikijua nimehamishwa, nilichokuwa sijui ni kama ni Turkana au Mandera, huko kwenye ukame. Alifunga mlango akasimama dirishani amenipa mgongo.

"Huyo msichana wa dawati la tatu ni wako?"

"Ni wangu, Bwana Mkuu."

"Nani alimwambia?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe nimejua Jumamosi tu."

Akasema, na hili ndilo jambo la pili ambalo hujui, "Mimi nilitahiriwa nikiwa darasa la sita. Nikavaa kaptura mwaka mzima. Sikunyoosha mkono hata siku moja, Mwalimu. Kwa ripoti waliandika mvivu." Akapenga kamasi kwa leso yake nyeupe, akaketi, na mbele yangu akaandika tangazo kwamba kwa sababu ya baridi kali ya msimu huu, wavulana wa darasa la nane wanaruhusiwa kuvaa suruali ndefu mpaka hali ya hewa ibadilike. Hali ya hewa haikubadilika mpaka alipostaafu. Aliniomba nisimsimulie mtu, na sikusimulia. Sasa amezikwa kwao Plateau, Mungu amrehemu, na nadhani hatanikasirikia nikikwambia wewe.

Kirwa alirudi Jumatatu iliyofuata. Wenzake ndio waliompelekea habari. Alivaa ile suruali ya babake, imefungwa kiunoni kwa kamba ya katani, na akaketi mahali pake kama aliyetoka tu kunywa maji. Nilimuuliza swali la historia. Hakulazimika kusimama, alijua hivyo. Akasimama. Akanyooka urefu wake wote hadi kichwa kikakaribia mabati, akatutazama sote, akajibu kwa sauti kubwa, na jibu lilikuwa baya kabisa. Sijawahi kufurahia jibu baya namna ile maishani mwangu. Hata wewe ulipiga makofi, na huwa hupendi kukosea wala anayekosea.

Lakini usidhani suruali ilimaliza kazi. Darasa halitiwi moyo mara moja likatosha mwaka mzima. Muhula wa tatu ulipokuja, ukaja na uchovu wake na mavuno yake, watoto wanavunja mahindi kuanzia alfajiri na kufika darasani mikono imechanika. Ile orodha ya mlangoni niliitoa. Badala yake Ijumaa kila mmoja alituambia kitu kimoja anachokijua leo ambacho Jumatatu hakukijua, na nilisikia mambo ambayo hayako kwenye silabasi. Wale wanaume wangu niliwapa darasa la tatu uwanjani, wawafundishe jedwali la kuzidisha, na mwanaume aliyeitwa "Mwalimu" na vitoto kumi hawezi kukosa kuja kesho yake, hata kama hajaisoma hesabu yake mwenyewe. Kuna siku hakuna kilichofaa. Siku hizo niliwaacha walaze vichwa kwenye madawati nusu saa, nami nikalaza changu. Na kuna mmoja, yule kijana wa kona mwenye sauti nzito, alienda kufanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao kabla ya mtihani na hakurudi tena. Nilimfuata mara tatu. Suruali ndefu alikuwa nayo. Yeye alikuwa na jambo jingine, na mpaka leo sijalijua, na linaniuma.

Kirwa alifanya mtihani, karatasi zote. Hakuwa wa kwanza, wala hakuwa wa kumi. Siku hizi yuko kiwanda cha nguo hapa mjini, na akiniona anavuka barabara katikati ya magari ili anisalimie, mpaka naona aibu.

Sasa sikiliza. Jioni ya siku ile uliyoketi, ulirudi nyumbani ukagombana na ndugu yako juu ya utando wa maziwa, nani alambe na nani akwangue sufuria. Mlipigana na vijiko. Mimi nilikaa pale kwenye kigoda nikikutazama, na nikajiuliza, huyu ni nani ndani ya nyumba yangu? Nilikuzaa mimi, nilikuogesha, nilikufundisha kuandika a e i o u kwenye meza hii hii, na kile ulichofanya asubuhi sikukufundisha. Baba yako hakukufundisha. Watu wazima wote wa shule ile, na kamati yake na wazee wake, hawakukiona, na mtoto wa miaka kumi na minne alikiona kwa kugeuza shingo tu. Nilikuogopa, Wanjiru. Nilikuogopa kama mtu anavyouogopa mlima, na nikafurahi hadi nikashindwa kumeza ugali. Na unajua nilichokwambia? Nilikwambia hukutandika kitanda. Miaka yote hii sijakwambia kingine, kwa sababu mimi ninajua kusifu watoto wa wengine, na wako akiwa wa kushangaza hivyo, mdomo unakauka.

Basi nimekwambia leo. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa na cheti cha chuo na miaka kumi ya chaki, na mdomo wangu ulikuwa umefunguka kusema "Simameni." Wewe hukuwa na kitu mkononi, na ukaketi. Kwa hivyo usiniambie tena habari za UT. Mafunzo utayapata, yanafundishwa, na nikiwa hai nitakulipia. Ulichonacho sijui kinafundishwa wapi. Ningekijua chuo chenyewe, ningekuwa nimeenda.

Nasikia nyanya yako akikuaga pale njiani kwa mara ya tatu, kwa hivyo namaliza. Hao watoto wa bondeni watakuwa wamelala kweli, siwezi kukudanganya. Utawakuta wamenyamaza, na watu watakwambia ni wavivu, na wiki ya kwanza utakubali, kwa sababu umechoka na jua ni kali. Lakini ndani ya darasa hilo kuna mtoto anayejua jibu na analimeza kila siku, kwa sababu ya kitu ambacho mimi siwezi kukitambua nikiwa huku, na pengine hata nikiwa huko nisingekiona. Nenda ukakione. Ukishakiona, niandikie upesi uniambie ni nini, maana sitalala vizuri mpaka nijue.

Mama yako